Mbegu za Kilemba cha Jogoo

Mbegu hizi zimenigharimu shilingi elfu tisini na nne na mia tano. Nilipohesabu mara ya kwanza nilipata elfu tisini na moja, nikashtuka kidogo, maana sijazoea kujipunja. Mara ya pili nikakumbuka gauni. Gauni nimelihesabu kwa bei niliyolinunulia kwenye belo la mitumba, siyo kwa bei ambayo ningemuuzia mteja. Ningeweka bei ya mteja ningekuwa najidanganya mwenyewe, na kazi ya kudanganya huwa naifanya sokoni, kwa watu wengine, saa za kazi.

Maua niliyopata kwa hela hiyo ni sifuri. Nayo nimeihesabu mara mbili.

Nauza mitumba katika soko la Bariadi. Sijawahi kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote, iwe nyanya, iwe kodi ya kizimba, iwe mahari ya kaka yangu, ambayo mimi ndiye niliyeipunguza ng'ombe wawili kwa kukaa kimya tu mpaka wale wazee wakachoka. Nayasema haya ili msomaji ajue kwamba anayelalamika hapa siyo mtu wa kuonewa kirahisi.

Ua lenyewe, ukilitazama kwa jicho la biashara, halina maana. Shina linasimama mpaka kiunoni, na juu yake kuna kitu kama kilemba cha jogoo mkubwa, chekundu, kimekunjamana, ukikishika laini kama mahameli. Halinukii. Ukilikata na kulipeleka kwa bibi harusi atadhani unamtania. Nyumbani tuliliita kilemba cha jogoo, basi, jina jingine sikuwahi kulisikia. Mama alilitoa misheni alipokuwa msichana wa mafundisho ya komunyo, masista walipokuwa wakilipanda kwa ajili ya altare. Alificha mbegu kwenye pindo la kanga akaja nazo. Wizi wake pekee ninaoujua.

Mama alizika watoto wawili kabla mimi sijazaliwa. Wa kwanza aliishi miezi minne, wa pili hakumaliza mwezi. Wachanga kwetu walizikwa karibu na nyumba, bila msalaba, bila saruji, na baada ya masika mbili tatu mvua ilishasawazisha vilima vyao. Mama hakuwa na picha yao. Hakuwa na cheti. Hata kishuka chao hakikubaki, maana alifungwa nacho kaka yangu, halafu mimi, halafu kikaisha. Alichokuwa nacho ni vile vilemba vya jogoo. Alirusha mbegu mara moja pale walipolala, na kuanzia hapo maua yakawa yanajiotea yenyewe kila mvua zikianza, yanasimama mpaka kiangazi, yanakauka, yanamwaga mbegu, yanangoja. Nyumba ya udongo ilianguka, ikajengwa ya matofali upande mwingine wa kiwanja. Mnyaa wa uzio uling'olewa. Maua yakabaki pale pale. Ukimuuliza mama ana watoto wangapi, anasema wanne, halafu anatazama upande ule.

Sasa kaka yangu. Sitaki kumsema vibaya kuliko anavyostahili. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani, ndiye anayelima, na mimi nikiwa na simu na kizimba mjini sina haki ya kumfundisha pamba. Mwaka ule alisikia bei itapanda, akasogeza shamba la pamba mpaka karibu na ukuta wa nyumba, likayazunguka maua pande tatu. Hakuyagusa. Alilima kwa kuyakwepa, na mama alimshukuru.

Pamba ina sheria yake, kila mtu huku anaijua: ukishavuna, unang'oa miti yote, unaikusanya, unaichoma, ili wadudu wasivuke kwenda msimu ujao. Usipochoma, mtendaji anakuja na daftari la faini. Wakati huo mama alikuwa kwangu mjini, nimempeleka kutolewa mtoto wa jicho, jicho la kushoto kwanza. Alikaa kwangu wiki tatu. Kaka akang'oa pamba. Miti ya pamba ilikuwa mikavu, na maua yalikuwa makavu, rangi imeshakwisha, kahawia kama kila kitu kingine cha mwezi ule. Akang'oa vyote. Akachoma vyote. Kisha ikanyesha mvua moja ya kupotea njia, akaona bora awahi, akafunga maksai akapitisha plau mpaka ukutani.

Nilimrudisha mama kwa bodaboda, jicho limefunguliwa bandeji siku chache tu. Njia nzima alikuwa akinitajia vitu: bati lile jipya, mbuzi yule ana kengele, wewe umenenepa. Tulipofika alishuka, akaitikia salamu za wifi yangu, mhola, mhola duhu, akazunguka nyumba akasimama.

Alisimama muda mrefu kiasi kwamba wifi alileta kigoda akakirudisha.

Kaka alitokea zizini. Nadhani alikuwa hajafikiria jambo lile hata kidogo mpaka alipomwona mama amesimama pale. Akasema, "Mayu," yaani mama, "yalikuwa yamekauka."

Mama akasema, "Nilikuwa najua walipo."

Hakulia, hakukataa chakula, asubuhi alifagia uwanja kama kawaida. Ila nilipokuwa naondoka alinisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo huwa hafanyi kwa sababu ya magoti, akaniambia nimtafutie mbegu mvua hazijaanza. Nikamwambia mbegu hizo siku hizi hazipo. Akaniambia, "Wewe unayepata nguo za marehemu wa Ulaya huwezi kukosa mbegu za misheni hapo."

Nilianza na duka la pembejeo pale mjini. Mwenye duka ananijua, nguo za watoto wake zote ni zangu. Nikamwambia nataka mbegu za maua. Akauliza maua ya kuliwa? Nikamwambia ya kutazama. Akaweka chini kalamu.

"Ya kutazama tu?"

"Ya kutazama tu."

"Dada yangu, ya kutazama hayana soko."

Akanipa alizeti. Sikuweza kumkasirikia, ningekuwa nyuma ya meza ile ningesema vivyo hivyo.

Nikaenda Mwandoya siku ya mnada, nikiwa na furushi la nguo ili nauli isipotee bure. Nikawauliza wanawake wa mbogamboga mmoja mmoja, nikiwaeleza kwa mikono jinsi kilemba kinavyokunjamana, wakadhani nauza kuku. Mmoja akaniambia kuna mama mmoja huko Mwanhuzi, nyuma ya mashine ya kusaga, aliyekuwa nayo uzio mzima. Nikapanda gari mpaka Mwanhuzi. Yule mama alikuwepo, na uzio ulikuwepo. Mbuzi walikula maua yake mwaka wa ukame, akaniambia, na tangu hapo ameacha. Akanikaribisha ndani, akanionyesha mezani maua ya plastiki, mekundu na ya bluu, akasema haya hayanywi maji wala mbuzi hawayataki. Aliyanunua Bariadi. Nilipoyageuza nikakuta bei imeandikwa chini kwa kalamu, na nikaujua mwandiko: jirani yangu wa kizimba.

Lamadi wako watu wenye bustani, kwa ajili ya wageni wanaokwenda kuangalia wanyama. Mtunza bustani mmoja aliniuzia pakiti ya mbegu yenye picha. Alisema elfu nane, nikampa elfu tano, tukaachana marafiki. Nikaipeleka kwa mama. Aliisogeza picha kwenye jicho jipya, akaiondoa, akaisogeza tena.

"Huu ni mkia," akasema. "Mimi nilisema kilemba."

Nikaitazama upya. Ulikuwa mkia kweli, manyoya manyoya, rangi ya chungwa. Elfu tano.

Kwa hiyo nilipofika Kiloleli nilikuwa nimechoka na watu na safari. Nilielekezwa kwa mjane wa katekista mmoja, bibi mwembamba anayekaa mbali na barabara. Nilichukua bodaboda, dereva akasema atanisubiri, na kusubiri kwake kuna bei. Nikaingia uani, na kabla sijamaliza kumsalimu bibi, mwangaluka, nikayaona. Yalikuwa yameegemea ukuta wa choo, mashina kumi na moja, yamekauka nusu, na vilemba vilikuwa vilemba.

Kosa la kwanza la mnunuzi ni kuonyesha furaha. Nililifanya.

Nikamwuliza bei. Akasema mbegu haiuzwi. Kwao, akasema, mbegu unayolipia hela haioti vizuri. Mtu anatoa kitu, anapewa mbegu. Nikauliza kitu gani. Akatazama furushi langu. Nikafungua, nikamtolea gauni la maua madogo, mikono mirefu, zuri kabisa. Bibi alilipokea, akalinyoosha juani, akapitisha kidole mshono kwa mshono, akafika kwapani akatoa kidole upande wa pili.

"Hili limetoboka, mayu," akasema, maana kwetu mwanamke yeyote ni mayu.

"Padogo hapo, bibi. Sindano moja."

"Basi nipe na sindano."

Nilimwongezea leso na sindano na uzi. Sijawahi kushindwa namna ile tangu nianze biashara. Akaniketisha, akavunja vilemba viwili, akavifikicha juu ya ungo, akapepeta. Zikabaki mbegu nyeusi, zinang'aa, ndogo kuliko za mchicha. Akazitia kwenye kichupa cha dawa ya mafua akanikabidhi, na akaanza kunieleza namna ya kuzipanda.

Hapa ndipo ninapopakumbuka vizuri kuliko ninavyopenda. Bibi alisema, "Sasa hizi, mayu, ukifika usije uka..." na dereva akapiga honi. Nikasimama. Nikamwambia bibi asiwe na wasiwasi, mimi ni mtoto wa mkulima. Akanitazama, akasema haya. Nikaenda kulipia kusubiriwa kwa dakika ambazo nilikuwa nimeokoa.

Mvua zilipoloanisha ardhi nilifunga kizimba siku mbili nikaenda nyumbani. Kaka alikuwa ananisubiri kwa hamu. Aliona aibu, na aibu yake huwa inatoka kwa kufanya kazi sana. Swali la kwanza lilikuwa wapi. Mama alinyanyuka kigodani, akaenda, akasimama, akasema ni hapa. Kaka akasema hapana, mayu, hapo ilikuwa jiko la zamani, maua yalikuwa huku, mimi ndiye niliyeyang'oa. Akaenda kusimama kwake. Mama akabaki kwake. Nikapima kwa miguu: hatua kumi na nne. Wakati wa kurudi zilikuwa kumi na tano, nikajua ardhi ya plau inanidanganya.

Mama alimtazama kaka, akasema kama wewe ndiye uliyeyang'oa, utakuwa unajua. Akarudi kukaa. Mimi nilipaswa kusema neno. Nikawa nahesabu mbegu.

Kaka akaleta kamba. Kila nyumba inayolima pamba huku ina kamba ile, imefungwa mafundo kwa vipimo vya bwana shamba, na kwa miaka hii ya karibuni tumeambiwa, tumeimbiwa na tumekaguliwa: mstari, nafasi, shimo, mbegu, fukia. Tuliivuta kamba pale aliposema kaka, kutoka mti hadi mti. Kaka akachimba kwa ncha ya jembe, fundo kwa fundo, mashimo sitini. Mimi nikafuata nyuma nikidondosha mbegu tano tano, nimeinama, nimezihesabu kwenye kiganja kabla hazijaanguka, mia tatu kamili. Kaka akawa anafukia kwa mguu na kukandamiza kwa kisigino, kama inavyotakiwa. Tulifanya kazi safi. Mstari ulinyooka kiasi kwamba jirani alisimama barabarani akausifia.

Mama aliuliza kutoka kigodani, "Mnazizika?"

Kaka akacheka. "Mayu, ndiyo kitaalamu hii."

Na mimi nikacheka. Nimeuza nguo miaka mingi kwa kumtazama mtu usoni nikajua anataka nini kabla hajasema. Siku ile sikumtazama.

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili wifi alinipigia simu: umeota mche mmoja. Niliacha mteja ameshika sketi mkononi. Nilipofika nikakuta kaka amelizungushia jani lile miiba, na mama ameinama analimwagilia kwa kikombe cha chai. Jani jekundu kwa chini, kama mche wa kilemba cha jogoo unavyokuwa. Kwa siku kumi ua lile lilitunzwa kuliko mtoto yeyote wa nyumba ile. Kisha likafumuka na kila mtu akaona ni mchicha pori. Kaka aliling'oa kwa hasira. Mama akasema alijua tangu siku ya kwanza.

"Sasa ulikuwa unamwagilia nini?" nikamwuliza.

"Mlikuwa mmefurahi," akasema.

Nikarudi Kiloleli. Safari ile sikuchukua furushi, na bodaboda nilimlipa aondoke. Bibi alikuwa amevaa gauni langu, kwapa limeshonwa vizuri kuliko kiwandani. Nilimweleza kamba, mafundo, mashimo, kisigino. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kubadilisha uso. Akasema mbegu hiyo haifukiwi. Inarushwa juu ya udongo uliolainishwa, inafagiliwa na tawi mara moja kama unapofagia uwanja, basi, iachiwe jua. Ukiiweka chini ya udongo kina cha kidole inaoza. Ndicho alichokuwa anataka kuniambia siku ile.

"Mama yako hakuwaambia?"

Nikamwambia mama aliuliza.

Mbegu zipo. Mfanyabiashara hatoi mzigo wote mezani, na siku ile ya kamba nilibakiza kiasi kwenye kichupa bila kumwambia kaka. Juzi nilizimwaga kwenye sahani nyeupe nikazihesabu kwa ncha ya sindano: mia moja na kumi na mbili, mara zote mbili. Namna ya kuzipanda sasa naijua, na udongo tutaulainisha. Mvua za mwaka huu zimeanza kunguruma upande wa ziwa.

Ila wiki iliyopita nilikwenda nyumbani nikamwomba mama anionyeshe tena, sisi wawili tu, kaka akiwa shambani. Nilitaka kuweka kijiti pale aliposema yeye, nimwache kaka na hatua zake kumi na nne. Mama alitembea taratibu, jicho la kulia bado halijafanyiwa upasuaji na la kushoto limeanza kuchoka. Alipita mahali alipokuwa amesimama mwaka jana. Alipita na mahali pa kaka. Akafika karibu na banda jipya la kuku, akasimama, akageuka kutazama nyumba, akageuka tena.

"Ni hapa," akasema. Kisha akaniuliza, "Au ni kule?"

Nikamwambia sijui, mayu.

Akasema, "Miaka yote sikuwa na haja ya kukumbuka, ng'wana wane, mwanangu. Yalikuwa yanaota."

Tulikaa chini hapo hapo, yeye kwenye kanga yangu. Kaka aliporudi nilimwita pembeni nikamweleza, naye akanipa wazo lake: tuzimwage karibu na mlango, pale anapoweza kuyaona akiwa kitandani, tumwambie ndipo walipo watoto, mimi na yeye tumekumbuka. Alilisema kwa huruma. Machozi yalikuwa yakimlengalenga, na ni mtu ambaye hakulia hata tulipomzika baba.

Nimeuza koti la kike kwa mwanaume nikamwapia ndiyo fasheni. Nimemwambia mjamzito gauni litambana wiki moja tu. Uongo wa kaka ni mdogo kuliko huo, haumtoi mtu hela, na ungempa mama kitu cha kutazama kila asubuhi mwaka mzima. Nimejaribu kuusema peke yangu nikiwa nafunga kizimba. Unatoka vizuri. Kinachonikwamisha ni kwamba akishaamini kwamba watoto wako pale mlangoni, ataacha kuwatafuta kule walipo, na mimi ndiye nitakayekuwa nimewahamisha.

Kwa hiyo naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kuzika bila alama, au aliyemtunza mzee anayesahau. Mbegu ni mia moja na kumi na mbili. Nizigawe sehemu tatu, kwa mama wa mwaka jana, kwa kaka, na kwa mama wa mwaka huu, nikijua kila sehemu itakuwa na maua machache na labda zote si penyewe? Au nizimwage zote mlangoni? Aniambie mapema, mawingu yakishavuka Lamadi hayachukui siku mbili kutufikia.